Mwiko Mpya Kila Bandari

Jumatatu, 4 Agosti. Antsiranana.

Nimepanda meli. Mimi, Zafilahy wa Manakara, niliyeacha shule kidato cha pili. Shule inasema iliniacha yenyewe. Tusibishane.

Meli inaitwa Sarcelle. Si kubwa. Abiria tisini, wengi wazee wenye magoti mabovu na kamera nzuri. Wamechoka na bandari ambazo kila mtu ameshafika, kwa hiyo wamelipa zaidi ili wapelekwe kule ambako hakuna anayekwenda. Yaani kwetu.

Kazi yangu ni kushuka nao kila bandari, kutafsiri, kueleza mila. Nilimwambia Madamu Odile, mkuu wa safari, kwamba mila nimezisomea chuoni. Hakuuliza chuo gani. Mwanamke asiyeuliza swali kama hilo ana mpango wake. Namwangalia.

Jambo lenyewe ni hili. Tuko wasaidizi wawili. Meli ikifika Taolagnaro, mwisho wa pwani yetu, mmoja atashuka arudi kwao. Wa pili atabaki melini msimu mzima: Msumbiji, Komoro, mpaka Zanzibar. Madamu Odile ndiye atakayechagua. Manakara nimeshatangaza kwamba ni mimi. Mama ameshawaambia wanakwaya wenzake, na kwaya ile haijui kunong'ona.

Mwenzangu anaitwa Mahavelo. Mrefu, mpole, anacheka polepole kama mtu anayehesabu kitu moyoni. Tunalala chumba kimoja, kitanda juu ya kitanda. Nilipoingia, cha kwanza alichotazama ni raba zangu. Nyeupe. Mpya. Hazijakanyaga hata tope. Kisha akaniuliza ukoo wangu. Kisha akataja wake.

Nikarudisha miguu nyuma. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu wa mababu. Kwetu mtani akikutukana unacheka. Akitaka kitu chako unampa, tena bila kukunja uso, la sivyo mizimu ya pande zote mbili inakuandama. Nikaipima miguu yake kwa macho. Sawasawa na yangu.

Nikamwambia mimi ni mtu wa Sambava, kaskazini, ukoo mdogo, hawezi kuujua. Akauliza lafudhi ya Manakara nimeiokota wapi. Nikasema nilipita huko na mafua. Akasema, "Haya, ndugu wa Sambava."

Raba zimepona. Huo ndio ubongo.


Jumanne, 5 Agosti. Iharana.

Chakula cha mchana cha wafanyakazi ni mabaki ya abiria. Leo: mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, amekaushwa kwa moshi. Katika ukoo wetu mkunga haliwi, haguswi. Nikasema tumbo linaniuma. Mahavelo akavuta sahani yangu, akala wake na wangu, macho yake kwangu muda wote. Akasema siku hizi watu wa Sambava wanaumwa matumbo ya watu wa Manakara.

Kwa nini ataje Manakara? Nani kamwambia? Namshuku mpishi.

Mchana tukashuka kwenye makaburi ya kale. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba kuhusu idadi ya watu wa mji. Mahavelo akaniwahi. Akawaeleza abiria kwamba kaburi halionyeshwi kwa kidole kilichonyooka. Unakunja kidole, unaonyesha kwa kiungo. Basi. Maneno hayo tu. Wazee wote wakakunja vidole, wanatazamana, wanafurahi kama watoto waliopewa filimbi. Mswisi mmoja, Bwana Zurbriggen, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya treni kabla hajastaafu, akapita mstari mzima akikagua vidole vya wenzake.

Jioni hakuna aliyeniuliza idadi ya watu. Walimzunguka Mahavelo wakitaka mwiko mwingine. Madamu Odile akamnunulia soda. Mimi akaniuliza kama nimeona miwani yake.

Nimeelewa sasa. Hawa hawakuja kutafuta historia. Wanataka miiko. Mwenye miiko mingi ndiye atakayefika Zanzibar. Shida ni kwamba miiko ninayoijua kwa uhakika ni minne, na mmoja ni wa mkunga. Lakini miiko si ilianzishwa na watu? Na mimi ni nani, mbuzi?


Jumatano, 6 Agosti. Antalaha.

Nimemwahi. Mahavelo alikuwa bado anahangaika na jaketi lake la kujiokolea mimi nikasimama mbele ya abiria nikatangaza: ukiingia kijiji cha vanila unatanguliza mguu wa kushoto, hutabasamu, husemi, mpaka mwenyeji akukaribishe mara tatu.

Wakapiga makofi. Bwana Zurbriggen akauliza itakuwaje mtu akitabasamu kwa bahati mbaya. Nikasema anarudi kwenye mashua, anaanza upya. Akaridhika kabisa. Ningekuwa na wazee kumi kama huyu ningetawala nchi.

Wakashuka. Wazungu thelathini, mguu wa kushoto mbele, kimya, nyuso zimefungwa kama benki siku ya Jumapili. Sasa wakulima wa vanila wakati huu hawana usingizi. Kila mmoja ameshaweka alama yake kwa pini kwenye kila ganda, na bado anaibiwa. Wakawaona hawa wanakuja. Mama mmoja akasema ni watu wa mahakama. Mzee akasema mahakama gani, hao ni wanunuzi, wamekuja kuvunja bei, hamzioni hizo nyuso? Mara mikeka ya vanila ikakunjwa, ikaingizwa ndani, milango ikafungwa. Uwanjani akabaki mbwa.

Nikawaeleza abiria kwamba kufungiwa milango namna ile ni heshima kubwa ambayo mgeni huipata mara moja maishani. Wakaipiga picha milango. Mama wa Kibelgiji akatokwa machozi.

Mahavelo alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anacheka kile kicheko chake. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema, "Namcheka mbwa." Mbwa hakuwa anafanya lolote.

Angetaka kunichongea kwa Madamu angenichongea palepale. Hakunichongea. Anaweka akiba.


Alhamisi, 7 Agosti. Nosy Boraha.

Nyangumi. Wengi, wakubwa, wanapumua kama malori. Abiria wakanigeukia wenyewe, bila kuitwa. Nikawaambia nyangumi hatajwi jina. Anaitwa Bibi Mkubwa, na akitokea unavua kofia.

Mnajua nini kilitokea? Nahodha, mtu mzima wa mistari minne begani, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Bibi Mkubwa yuko upande wa kulia. Kofia tisini zikavuliwa. Upepo ukachukua mbili. Nilisimama pale nikiwaza nitanunua zawadi gani Zanzibar.

Ndipo Mahavelo akainuka. Kwa sauti ya mchungaji akawaambia kwamba rafiki yake wa Sambava ni mnyenyekevu mno, amewaficha nusu ya pili. Anayewafunulia wageni mwiko wa Bibi Mkubwa hukaa miguu mitupu mpaka jua lizame, na viatu vyake vibebwe na mwenzake.

Ningesema nini? Kwamba mwiko umetungwa? Bwana Zurbriggen alishapiga magoti ananifungua kamba za viatu, na magoti yale yalivyo mabovu nilimwonea huruma. Mahavelo akazibeba raba zangu. Alizibeba kwa kuzivaa.

Nimeshinda kutwa nikirukaruka juu ya sitaha ya moto. Yeye anapita mbele yangu, raba zinalia nyii, nyii, nyii.

Jioni akazirudisha. Amezifuta. Safi kuliko nilivyompa. Kwa nini mtu asafishe kitu asichokitaka? Akakaa kitandani kwake akasema, taratibu kama kawaida, kwamba kwao mambo haya ni mepesi. Mtani anaomba raba, anapewa, kwisha. Taabu ya kuishi na mtu wa Sambava ni kwamba huwezi kumwomba kitu. "Na wewe," akasema, "siku ukitaka kitu changu, utaniombaje?"

Nikamwambia ana nini cha kuombwa, soksi? Akacheka mpaka kitanda kikatikisika.

Kuna kitu ndani ya swali lile. Nimelala nalo, sijakiona.


Ijumaa, 8 Agosti. Baharini.

Balaa.

Madamu Odile ametuita asubuhi. Kesho Manakara abiria hawatakula melini. Amepanga tangu mwezi wa tatu: wanawake wa mji watapika, wageni watakula ufukweni, na kama mambo yakienda vizuri meli itarudi kila mwaka. Wapishi ni wa kwaya moja. Kiongozi wao ni mama mchangamfu, anasema, amezungumza naye kwenye simu, ana kijana wake anafanya kazi za meli.

Mama yangu.

Mama akifungua mdomo nimekwisha. Atataja ukoo kabla hajataja jina lake. Atataja kidato cha pili. Atasimulia niliposhuka kwenye mnazi nikabaki nimening'inia kwa kaptura, hiyo huwa haiachi. Na Mahavelo atakuwa amesimama pale na miguu yake saizi yangu.

Nimefikiri mpaka saa ya chai. Kisha nimewapitia abiria mmoja mmoja, kwa siri, mlango kwa mlango, Mahavelo akiwa anafanya zamu ya mashua. Nimewaambia mwiko wa Manakara ndio mkali kuliko yote: mgeni hasemi na mwanamke yeyote aliye ufukweni, hamtazami, na hapokei chakula mkononi mwake mpaka jua lizame. Meli inaondoka saa kumi jioni. Nimepiga hesabu.

Bwana Zurbriggen nimemteua kuwa msimamizi. Alisimama wima. Nadhani tangu astaafu hajawahi kuwa na furaha kama ile.

Kuna kitu kinanichomachoma kifuani. Itakuwa samaki wa mchana. Mpishi yule simwamini.


Jumamosi, 9 Agosti. Manakara.

Naandika nikiwa nimejifungia chooni.

Tulipokaribia nikawaona. Walikuwa wametandika mikeka chini ya mivinje, mistari kwa mistari. Masufuria ya wali. Kisamvu. Kaa wekundu. Maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali yamepozwa kwenye ndoo zilizofunikwa vitambaa vya kudariziwa, vile ambavyo nyumbani kwetu hutolewa akija askofu. Wanawake wamevaa sare. Mama mbele, kofia ya ukindu mpya, upawa mkononi anaongozea wimbo.

Abiria wakashuka. Wakapita. Macho baharini, wengine chini, wengine mbinguni. Mama wa Kibelgiji alijifunika kwa skafu kama anapita moshi. Bwana Zurbriggen akasimama kati ya abiria na masufuria, fimbo imelala mbele yake kama kizuizi cha reli.

Wimbo ulianza kukatika. Sauti moja ikanyamaza, kisha nyingine, mpaka akabaki Mama peke yake, akamaliza ubeti, akanyamaza. Upawa bado uko juu.

Akaniona. Nilikuwa nyuma ya lundo la majaketi, lakini mama ni mama. Akaniita, "Mwanangu, hawa wana nini? Chakula kinanuka?"

Nikainama zaidi nyuma ya majaketi. Madamu Odile alikuwa amegeuka mweupe kama karatasi. Anamwuliza huyu, anamwuliza yule, kila mmoja anamwonyesha jua, anamnong'oneza kwamba bado.

Mama akashusha upawa. Kisha akawaambia wenzake, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, "Basi, tufunike." Wakaanza kufunika.

Nilitaka kutoka. Naapa nilitaka. Miguu ilikuwa inafikiria bado.

Mahavelo akaruka kutoka kwenye mashua ya mwisho, maji mpaka mapajani, akapanda ufukwe hadi mbele ya Mama, akashika kiuno.

"We bibi kizee, nani amekuruhusu kupika? Ukoo wenu mnajua kupika nini zaidi ya mchanga?"

Kwaya nzima ikaganda. Mama akamtazama kuanzia nywele mpaka kucha. "Na wewe takataka umetupwa na meli ipi?"

Mahavelo akataja ukoo wake.

Uso wa Mama ukafunguka kama dirisha. "Ndiyo maana. Nilisikia harufu nikadhani papa amefia ufukweni, kumbe ni mtani wangu."

"Harufu ni ya sufuria lako, mtumwa wangu."

"Mtumwa wako nani? Babu yako alikuja kwetu kuomba chumvi hana hata suruali!"

"Alikuwa nayo. Babu yako ndiye aliyeiiba."

Wanawake walishikana mabega kwa kucheka. Mahavelo akatia mkono sufuriani, akachomoa kaa mkubwa kuliko wote, akamvunja mguu, akala mbele ya pua ya Mama. Mama akampokonya kofia yake, akaivaa juu ya kofia ya ukindu. Haki yake.

Kisha Mahavelo akawageukia abiria, kwa Kifaransa, mdomo umejaa. Akasema mwiko waliopewa ni wa upande wa Zafilahy. Kwa desturi ya huku mwiko wa mtu huvunjwa na mtani wake tu, na mtani wake ni yeye, na ameshauvunja, huyu hapa kaa. Karibuni.

Hakusema nimedanganya. Nimelizungusha lile neno kichwani jioni nzima. Hakusema.

Bwana Zurbriggen hakushusha fimbo. Akauliza kama kuna utaratibu. Mahavelo akasema upo: unamtukana mpishi kwanza, kwa heshima, kisha unakula. Mzee akafikiri sana. Akamsogelea Mama, akavua kofia, akamwambia kwamba wali wake umechelewa na hakuna tangazo lolote lililotolewa.

Mahavelo akatafsiri. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akampa kaa wawili.

Baada ya hapo ukawa mstari. Wazee tisini, mmoja baada ya mwingine, wanawatukana wanakwaya wa Manakara na wanajibiwa. Mama wa Kibelgiji alilitukana sufuria kwa sababu watu aliwaonea haya. Madamu Odile alikula wali kwa mkono, analia na kucheka pamoja. Mzee wa mji alimwahidi mwakani watachinja ng'ombe.

Ndipo Mama akakumbuka ana mtoto. Akaniita. Akauliza mbona sikumwambia niko na mtani melini, na nimempa nini mpaka leo. Akazitazama raba.

Mahavelo akacheka. "Mama, huyu si wako. Huyu ametuambia ni wa Sambava."

Nafikiri alisema kwa utani. Mama hakupokea kwa utani. Hakupiga kelele, ningependa angepiga kelele. Akaweka upawa juu ya kifuniko. "Sambava," akasema. "Basi kale kwa mama yako wa Sambava."

Sikupewa hata ukoko.

Nimeonewa mbele ya mji mzima. Na sasa napanga jambo moja moja: alijuaje kwamba kaa mkubwa yuko kwenye sufuria lile? Ilikuwa imepangwa. Mama naye namshuku.


Jumapili, 10 Agosti. Baharini.

Tangu jana Mahavelo hajaniomba raba. Mama amethibitisha ukoo, mashahidi tisini, haki yote anayo. Haombi. Amenipa sabuni yake, yangu imeisha. Ameniachia kitanda chenye dirisha.

Anasubiri nini?

Nimelala nimezivaa.


Jumatatu, 11 Agosti. Taolagnaro.

Madamu Odile ametuita ofisini kwake. Ni Mahavelo. Alinishika mkono muda mrefu akasema nina ubunifu mkubwa. Alisema kama daktari anayetaja ugonjwa.

Nikafunga begi. Nikashuka ngazi ya meli nikiwa nimenyoosha shingo. Mahavelo akanifuata mpaka gatini, akakaa juu ya begi langu nisiondoke.

"Mtani," akasema, "huna cha kuniambia?"

Nikasema sina.

"Cha kuniomba?"

Nikamwuliza aombwe nini, ana soksi mpya? Hakucheka. Ndipo akazungumza, na nayaandika yote hapa ili siku moja yatumike kama ushahidi.

Alisema alijua tangu sahani ya mkunga. Alisema alisubiri niseme mwenyewe, maana mtu aliyeukana ukoo wake huwezi kumvuta kwa masikio. Sasa mambo yako wazi. Nafasi ile amepewa, ni mali yake kama shati. Na mali yake mtani akiiomba, hana mdomo wa kukataa, sheria naijua. Mke wake atajifungua mwezi wa kumi. Yeye akirudi nyumbani msimu huu hatalia. Ameshamwuliza Madamu, na Madamu amesema wakibadilishana wenyewe yeye hana neno, mradi miiko ikome. "Kwa hiyo sema. Mtani, nipe. Maneno mawili. Nitakutukana kidogo halafu nitakupa."

Niliiona Zanzibar kabisa. Niliwaona wanakwaya wakinipungia.

Lakini mimi si mtoto. Nikajiuliza: ni nani duniani anatoa kitu kama hicho kwa maneno mawili? Hakuna. Basi kuna mtego, na kazi ni kuutafuta tu. Labda anataka nipige magoti mabaharia wacheke. Labda meli ina tundu, ndiyo maana anataka kushuka. Labda Zanzibar kuna jambo analolijua. Mke ajifungue mwezi wa kumi, kwa nini usiwe wa tisa? Kila kitu kimepangwa vizuri mno.

Nikamwambia nashukuru, nina mipango mingine.

Akanitazama kama anayetazama mtu akila sabuni. "Zafilahy. Ni utani wa kweli huu, si mzaha."

Nikasema nimesikia.

Honi ikalia. Akapanda. Hakuingia ndani; alisimama kwenye uzio wa sitaha, juu yangu kabisa. Mabaharia wakafungua kamba ya kwanza. Akaniita tena, akafanya mikono yake bakuli, kama mtu anayetaka kupokea au kutoa, sikuelewa. Bwana Zurbriggen, pembeni yake, anaangalia saa na kuwaambia watu meli imechelewa. Kamba ya pili. Mahavelo akaguta kwamba bado, ngazi haijavutwa, niseme tu.

Niliziba mdomo wangu kwa mikono miwili.

Ngazi ikavutwa. Meli ikaenda.


Jumatano, 13 Agosti. Taolagnaro, kwa shangazi.

Nimemshinda.

Nimekaa siku mbili nikilipima jambo lile, na kila nikilipima nazidi kujivunia. Ushahidi uko wazi: meli ilipoondoka Mahavelo alikuwa na huzuni. Mtu ambaye hana mtego angehuzunikia nini? Mtu amebaki na kazi, amebaki na Zanzibar, uso umemshuka. Ni kwa sababu windo limemponyoka.

Mama amepiga simu, ameshanisamehe kiasi. Anasema Mahavelo alimpigia akiwa baharini, wametukanana mpaka salio likaisha, hajacheka hivyo tangu msiba wa mjomba. Mahavelo amemwomba amtafutie mtoto wake jina. Nimemwonya Mama asikubali. Jina ni kitu kikubwa, mtu haliombi bure. Mama amekata simu, au mtandao ulikatika. Nauchunguza mtandao.

Shangazi ananitunza. Jana alinipa chumba chenye dirisha, watoto wake wakalala sebuleni. Leo mchana ameniwekea kipande kikubwa cha samaki, kikubwa kuliko cha mumewe, tena sehemu ya tumbo. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu una njaa, mwanangu, kwani vipi?"

Jibu lilikuja haraka mno. Nimekila kile kipande nikimwangalia usoni, sikupepesa. Shangazi huyu anataka kitu. Kesho nitaamka mapema nimwahi: nitakataa kabla hajanipa.